Granaiti au marumaru kwa kaunta ya jiko?
Dada, kwa jiko la ndimu na ukwaju kila siku, chukua granaiti. Marumaru halisi (sisemi vigae) ni jiwe la jamii ya chokaa: tone la ndimu huliunguza likabaki alama isiyong'aa, na kupaka dawa ya kuziba vitundu vya jiwe hakuzuii hilo. Kwatzi ya kiwandani (jiwe la kwatzi lililosagwa na kushikanishwa kwa gundi) inastahimili ndimu, ila gundi yake huungua ukitua sufuria iliyotoka motoni.

Kwa fundi, omba kipande. Dondoshea maji, subiri dakika 10; pakiwa peusi, jiwe linakunywa, lipakwe dawa ya kuziba kabla ya kutumika. Chukua unene wa milimita 30. La 20 hupasuka kirahisi kwenye pembe za tundu la sinki, hasa likibebwa limelazwa. Libebwe wima.