Maswali ya gereji ya nyumbani: Datsun iliyolala, thamostati iliyotupwa na puti ya Malindi

Mwezi huu barua karibu zote ni za Datsun Z, zile gari za michezo za zamani za Nissan, na najua nimejitakia mwenyewe kwa kuitaja 240Z yangu kila wakati kama mzee anavyomtaja mtoto aliyefaulu mtihani. Haya. Nazijibu zilivyokuja, zingine nimezipunguza maana kuna watu mnaandika barua ndefu kuliko basi la usiku la Mombasa Nairobi. Salamu zote zimefika.

*Nakuru: Fundi, nimerithi 240Z ya 1972 kwa marehemu mjomba, imelala chini ya mwembe tangu 2008. Nimeshanunua betri mpya, Jumamosi nataka kuiwasha. Kuna kitu niangalie kabla?*

Pole na msiba. Sasa chukua hiyo betri uirudishe ndani ya nyumba, tena uiweke mahali ambapo utaona uvivu kuifuata.

Jumamosi huwashi kitu. Unatoa plagi zote sita, unatia mafuta ya injini kama vijiko viwili kila shimo, unafunika, unaenda zako. Baada ya siku mbili tatu unaweka soketi kwenye boliti ya puli ya kranki pale mbele unazungusha kwa mkono, pole pole, kuelekea mshale wa saa. Ikigoma usitafute bomba la kurefushia spana, ongeza mafuta usubiri, mjomba ameisubiri miaka yote hiyo na wewe huwezi kusubiri wiki? Ringi zilizogandana na silinda zinaachia kwa mafuta na subira, ukilazimisha unavunja ringi na hapo umenunua injini.

Ikizunguka, mwaga mafuta ya zamani, weka filta mpya, fungua kifuniko cha valvu umwagie kemshafti mafuta kwa mkono, kisha ndio betri, na plagi bado ziko nje. Piga stata mpaka geji ya oili ipande. Haijapanda, hakuna cheche, hakuna petroli.

Na petroli yenyewe: iliyoko kwenye tangi sio petroli tena, ni vanishi. Shusha tangi, lisafishe, na mipira yote ya mafuta tupa, yote, pamoja na ile midogo ya tangi kupumulia ambayo imejificha nyuma ya plastiki za buti na watu huisahau, halafu wanalalamika gari inanuka petroli ndani. Kwenye L24, yaani injini ya 240Z, kabureta na ekzosti ziko upande mmoja, kabureta juu, ekzosti chini yake. Sasa fikiria mpira wa miaka hamsini umepasuka unadondosha. Mtungi wa kuzima moto, ule wa poda, uwe karibu na mkono sio kwa jirani.

Hujaniuliza breki lakini nakuambia: injini ikinguruma usiitoe barabarani hata kwenda dukani. Masta silinda, silinda za magurudumu, mipira yake, fungua zote. Maji ya breki hufyonza unyevu wa hewani. DOT 3 ikiwa mpya inachemka kwa 205°C, ikishakunywa maji kiwango chake ni 140°C tu, ya mjomba hata sijui tuiite nini. Mimi hubadilisha kila miaka miwili, gari itembee isitembee.

*Thika: Kuna jamaa ananiuzia 240Z kutoka Marekani, picha safi sana, bei nzuri, nambari ya chesi inaanza HLS30. Nitume pesa?*

Hapana! Hiyo L ni left, usukani wa kushoto. Za usukani wa kulia zilizouzwa nje ya Japani zinaanza HS30. Tena Kenya mtumba uliozidi miaka 8 hauingii kama gari ya kawaida, wewe unaleta ya miaka hamsini na usukani upande wa pili. Bei nzuri lazima iwe nzuri. Waulize wa forodha kabla ya kutuma hata shilingi, na wakupe jibu kwa maandishi.

*Dar: Kaka, Z yangu inachemsha kwenye foleni. Fundi ameshatoa thamostati, bado inachemsha. Nitoe nini tena?*

Mtoe fundi.

Hii ya thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye radieta mpaka injini ipate moto, nimeichoka jamani. Kuna imani toka Kisumu hadi Mtwara kwamba thamostati ni kifaa cha wazungu wa nchi za baridi, kwamba Afrika haina kazi. Nissan hawakuwa wajinga, kwa nchi za joto walikuwa na yake maalum, inafunguka kwa 76.5°C badala ya 82 ya kawaida. Yaani walikufikiria wewe uliye Magomeni kwenye jua! Ukiitoa injini inachelewa kupata moto, petroli inaosha mafuta kwenye kuta za silinda, ringi zinakwisha, na kuchemsha kwenyewe hujakutibu maana sababu haikuwa hapo.

Kwenye foleni gari haina upepo wa mwendo, inategemea feni. Angalia feni belti kama inateleza, angalia ile klachi ya feni kama bado inashika, angalia kama ganda la plastiki linaloizunguka feni bado lipo, maana mafundi hulitoa wakabadilisha pampu ya maji na boliti zikabaki mfukoni. Halafu radieta. Na hapa nauliza wewe, unaweka nini humo, kulanti au maji ya bomba? Hedi ya L24 ni alumini imekaa juu ya bloku ya chuma cha kutupwa, ukiweka maji matupu, hasa haya yetu ya chumvi chumvi, alumini inaliwa kidogo kidogo, uchafu wake unaenda kuziba radieta, na siku itakapochemsha sawasawa hedi inapinda na gasketi inakwenda nayo. Kulanti nusu, maji yaliyosafishwa nusu. Na kifuniko cha radieta kipya, hakigharimu kitu.

*Kisumu: Niweke oili gani?*

20W-50 yenye zinki ya kutosha. Swali hili nimelijibu mara nne mwaka huu, la tano nitalijibu kwa matusi.

*Tanga: Nimeambiwa boliti na vyuma vidogo vyenye kutu niloweke kwenye Coca-Cola. Kweli?*

Inafanya kazi, kuna asidi ya fosforasi ndani, ila utapata boliti safi na kundi la sisimizi. Njia bora zaidi: ndoo ya plastiki, maji, soda ya kufulia kijiko kimoja kwa lita, chaja ya betri ya 12V ya aina ya kizamani. Waya hasi kwenye chuma chako chenye kutu, waya chanya kwenye kipande cha nondo, visigusane, washa uache usiku kucha. Asubuhi kutu imegeuka masizi unasugua kwa brashi. Ukinichanganyia chanya na hasi utaila boliti yako badala ya kutu. Fanyia nje maana kuna gesi ya haidrojeni inatoka, hiyo inalipuka kwa sigara moja. Nondo usibadilishe na kijiko cha stenlesi, maji yake yatakuwa sumu. Na kabureta usitumbukize humo, hiyo haina kutu na utaiharibu.

*Malindi: Bodi yangu ina vitobo vidogo tu chini ya milango. Fundi rangi anasema apige puti na duko (rangi ya kupuliza) kwa wiki moja, atanifanyia elfu arobaini. Mke wangu anasema niache. Nifuate nani?*

Mke.

Ndugu yangu, unakaa Malindi. Bahari unaiona dirishani, na gari hii ilitengenezwa na bati jembamba bila kinga ya maana, ilikuwa inaota kutu hata huko kwao. Kwenye Z kitobo kidogo ni kichwa cha msumari, msumari wenyewe uko ndani. Kutu hiyo inaanzia ndani ya boksi la chini ya mlango inatoka nje, ukiiona imeshamaliza kula. Kabla ya kuongea rangi na mtu chukua bisibisi na tochi ulale chini ya gari, na unapolala chini gari ikae kwenye stendi za chuma, sio jeki peke yake, sio mawe, sio tofali. Tofali la saruji halitoi onyo, linapasuka. Namjua mtu aliyekuwa anatumia tofali na simjui tena.

Gonga gonga na bisibisi hapa: chini ya sahani ya betri ambako asidi humwagika miaka yote, reli za chesi chini ya viti, sakafu zote mbili, kile kipembe kati ya mlango na tairi la nyuma, shimo la tairi la spea, na pale chini ya kioo cha mbele ambako majani ya mti huingia yakaoza. Bisibisi ikizama, hapo hakuna bati, kuna rangi inayokumbuka bati. Pita na sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa, mahali isiposhika kuna puti ya fundi aliyetangulia. Yangu niliponunua ilikuwa na puti nene kama kidole gumba, na chini yake fundi alikuwa ameshindilia gazeti. Nilikaa nikalisoma.

Kinachotakiwa ni kukata bati bovu mpaka ufike kwenye zima, kuchomelea jipya, kupiga praima, na ndani ya maboksi kumwagia nta au mafuta mazito kupitia matundu. Puti ni ya kulainisha milimita moja mbili juu ya bati zima basi. Na kabla ya kukata sakafu funga vyuma vya kushikilia mlango na mlango, kwa sababu gari hii bodi yake ndio chesi yake, ukiikata bila kuishika inajikunja na milango haitafunga tena hata uombe dua.

Kuhusu duko nyumbani: hizi rangi za kuchanganya na hadna, ile dawa ya kuikausha, zina kemikali iitwayo isosaneti, ukivuta moshi wake mapafu yanaweza kupata pumu isiyotoka tena. Leso puani ni mapambo, na hata maski ya filta haitoshi kama watoto wako chumba cha pili dirisha liko wazi. Praima na kazi ya bati fanya nyumbani, rangi ya mwisho peleka kwenye chumba cha rangi. Elfu arobaini zako nunulia bati na gesi ya kuchomelea.

*Nairobi: Bro nataka kutoa L24 niweke 2JZ ya Toyota, mount za kushikilia injini zinapatikana wapi?*

L24 ilichukua Safari Rally ya 1971, nafasi ya kwanza na ya pili zote, ikarudi ikachukua 1973 na dereva Shekhar Mehta. Kwa matope yale! Wewe unaenda Westlands.

*Muscat: Assalaam alaykum. 260Z yangu nikikanyaga ghafla inakohoa kwanza, kisha inakimbia vizuri. Fundi hapa anataka kubadilisha kabureta zote mbili, ati joto limeziua.*

Waalaykum salaam sheikh. Mzuie. Kama kabureta zako ni zile za kichwa cha mviringo, fungua kifuniko kidogo cha juu, kinatoka na kijiti. Humo ndani huwa kuna mafuta ya kuzuia pistoni isiruke haraka ukikanyaga. Naweka dau hayamo. Tia oili nyepesi, ya 20 inatosha, rudisha kijiti, ukisikia kinakaza unapokisukuma basi. Kabureta mbili umezinusuru kwa vijiko viwili vya mafuta. Joto la huko linaua mipira na dashibodi, kabureta haliwezi.

Ukimaliza pima nafasi za valvu, injini ikiwa baridi, inlet 0.20 mm, ekzosti 0.25. Fundi anayetaka kubadilisha kabureta kabla ya kuangalia oili yake sidhani kama ameshawahi kupima valvu.

*Kampala: Spea za injini za Z huku hazipatikani kabisa, nifanyeje?*

Acha kuuliza spea za Z! Ukisema Z muuzaji anakuangalia viatu anapanga bei. Uliza za L16, injini ya Datsun 160B na 160J. L24 ni L16 iliyoongezwa silinda mbili, kipenyo 83 mm, mwendo wa pistoni 73.7 mm, zote mbili sawa. Roka, valvu springi na vitu vingi vya hedi vinaingiliana, ila beba cha zamani mkononi ukilinganishe na upime, usiniamini mimi wala muuzaji. Seti za silinda nne itabidi ununue mbili, zinabaki vipande viwili, viweke, utavihitaji.

*Nyali: Mimi si mwenye gari, mwenye gari ni mume wangu na ni msomaji wako. Amefungua Z yote tangu 2019. Vipande viko stoo, kwenye veranda, na chumba cha wageni kuna milango miwili juu ya kitanda. Sasa hivi kabureta iko kwenye sufuria yangu. Nimwambie nini?*

Shemeji, mwambie amesoma safu hii miaka yote na hakusikia hata neno. Nimesema na nasema, gari moja nzima ukiifungua yote kwa pamoja nyumbani hairudi. Nyingi ninazoziona zinauzwa "project" hazikufa kwa kutu, zilifunguliwa na mtu mwenye furaha wikendi moja na wiki iliyofuata hakukumbuka boliti ipi ya wapi. Unafungua breki, unazimaliza, unazirudisha, gari inasimama kwa magurudumu yake, ndio unaenda kwingine.

Kwa kuwa limeshatokea, mpe Jumapili moja asiguse spana kabisa. Mifuko ya plastiki ya kufunga, kalamu ya wino usiofutika, kila boliti iandikwe imetoka wapi, zile asizozijua ziwe kwenye mfuko wake peke yake, na ukubwa wa mfuko huo ndio utakuonyesha mume wako amefika wapi. Kisha aanze na saspensheni ya nyuma na sio injini, maana zile pini ndefu za chini hushikana na bushi zake kama zimechomelewa, na bora agombane nazo sasa bodi ikiwa nyepesi.

Milango itoke kitandani, isimamishwe wima ukutani juu ya gunia. Sufuria mwachie, wala usiipikie tena.