Mtoto wa pumu akipata mafua: kinga yake ndo ndogo?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 7, ana pumu tangu ana miaka 3. Kaka yake akipata mafua siku tatu kashapona yuko nje anacheza mpira, huyu mdogo mafua yale yale lakini siku ya tatu usiku kifua kinabana kinapiga miluzi tunakimbizana hospitali. Kila tukienda wanampa prednisolone, ile steroidi ya kunywa, antibayotiki hawatoi hata kamasi likiwa la kijani. Jirani ananiambia steroidi ndo zinamuua kinga, nimtafutie dawa za kuongeza kinga. Je kinga yake ni ndogo? Na ile inhela ya kahawia ya kila siku nisimamishe akiwa na mafua? (Mama, Tanga)

JIBU: Marahaba, na pole sana na hizo safari za usiku. Nianze na la mwisho maana ndo la haraka: inhela ya kahawia usiisimamishe, mafua yakianza ndo wakati wenyewe inapohitajika, endelea nayo kama ulivyoelekezwa hata kama anakohoa, hata kama ana homa. Wazazi wengi wanaiacha siku hizo hizo eti tusichanganye dawa, halafu siku ya tatu tunakutana emajensi.

Sasa hilo la kinga. Mtoto mwenye kinga ndogo kweli tunamjua kwa mambo mengine: nimonia inarudi kila mara, masikio yanatoa usaha hayakauki, majipu, utando mweupe mdomoni hauishi, uzito haupandi. Kama ana mojawapo sema, atapimwa, ila kwa ulivyoeleza sioni hayo. Huyu kinga anayo tena nyingi tu, tatizo upande mmoja wa kinga unachelewa kuamka na upande mwingine unaamka kwa fujo.

Kirusi kinachosumbua hapa mara nyingi ni rainovirusi, hiki hiki cha mafua ya kila siku, kina aina zaidi ya 160 ndo maana mpaka leo hakina chanjo, na ndo maana mtoto mdogo kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka wala sio ajabu. Kule Southampton, Uingereza, walifuatilia watoto wa miaka 9 mpaka 11 wenye shida ya kifua, majibu yakatoka 1995: kifua kilipobana, virusi vilikutwa kwenye asilimia kama 80 hadi 85 ya vipindi hivyo, na theluthi mbili ya virusi vilivyokutwa ni hivyo vya mafua. Maji ya friji yanasingiziwa mengi.

Kirusi kikiingia kinakaa kwenye seli zilizotanda ndani ya pua na mirija ya hewa, kinajizalisha humo. Seli ikivamiwa kitu cha kwanza inachotakiwa kufanya ni kutoa interferoni, hizi ni kemikali zinazoziambia seli za jirani zijifunge zisiingilike, na yenyewe iliyovamiwa inajiua mapema ili kirusi kikose pa kuzaliana. Kaka yake mchezo anaumaliza hapo. Mwaka 2005 watafiti wa Southampton walichukua seli za mirija ya watu wenye pumu wakazikuza maabara, wakaziwekea rainovirusi, wakakuta interferoni beta inatoka kidogo, seli hazijiui kwa wakati na kirusi kinazaana zaidi. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakakuta interferoni lamda nayo iko chini. Baadaye maabara nyingine hazikupata jibu lile lile kwa kila mgonjwa, hasa wale ambao pumu yao imetulia kwa dawa, seli zao zilikuwa karibu sawa na za watu wasio na pumu. Hiyo sentensi ya mwisho naomba uisome mara mbili, nitairudia kwenye inhela.

Upande wa pili ndo wenye fujo. Seli za mirija zikichanika kwa sababu ya kirusi zinamwaga kemikali za tahadhari, IL-25, IL-33 na TSLP, na kwa mtoto mwenye pumu ya mzio hizi zinaamsha ule mkono wa kinga ambao kazi yake ya asili ni kupambana na minyoo. Ndio, minyoo! Mkono huo una kemikali zake: IL-5 inaita eosinofili, aina ya chembe nyeupe za damu, zijae kwenye mirija, IL-13 inafanya makohozi yawe mengi mazito yanayonata na misuli ya mirija iwe na hasira ya kubana kwa kitu kidogo, IL-4 inachochea IgE, ile antibodi ya mzio. Kwa minyoo tumboni makohozi mengi na misuli inayosukuma ni mpango mzuri kabisa, kwenye mirija ya hewa ya mtoto wa miaka 7 ambayo ni myembamba tayari ni balaa, na kirusi chenyewe wala hakijali.

Kibaya zaidi mikono hii miwili inakandamizana. Kuna seli za kinga ambazo kazi yake ni kutoa interferoni alfa kwa wingi virusi vikiingia, na seli hizo hizo zina sehemu za kushika IgE. IgE iliyokaa hapo ikikutana na kitu cha mzio, tuseme vumbi lenye mende, uwezo wa seli kutoa interferoni unashuka. Kwahiyo mzio unazima kengele ya virusi. Sio nadharia tu: Marekani waliwapa watoto wa mijini wenye pumu dawa ya omalizumab inayokamata IgE, matokeo yakatoka 2011, lile wimbi la kubanwa ambalo kwao huja kila Septemba shule zikifunguliwa likakaribia kufutika. Utafiti uliofuata, 2015, waliwaanzishia wiki chache kabla ya shule kufunguliwa, na wale ambao interferoni yao ilipanda vizuri wakiwa kwenye dawa walibanwa mara chache zaidi. Ni dawa ya sindano na ni ghali mno, sikuambii uitafute, nakuonyesha tu kwamba ukishusha upande wa mzio upande wa virusi unapumua. Hata wewe chukua kalenda uangalie, tarehe mlizokimbizwa hospitali ziko wapi ukilinganisha na shule kufunguliwa.

Kwanini siku ya tatu? Kirusi kinafika kilele siku mbili tatu tangu dalili zianze, na uvimbe wa mirija unafuata nyuma yake. Kwanini usiku? Usiku steroidi ya asili ya mwili inakuwa chini na mirija ya kila binadamu inabana kidogo, kwenye saa tisa saa kumi alfajiri ndo mbaya kuliko zote, wewe na mimi hatusikii, yeye anasikia.

Ukishaelewa hapo utaona hizo dawa za kuongeza kinga zina shida gani. Unaongeza kinga ipi? Hakuna chupa ya duka la dawa inayojua kuamsha interferoni ikaacha eosinofili zilale. Wataalamu wenyewe walijaribu kuwavutisha wagonjwa interferoni beta wakipata mafua, majibu ya 2014 hayakufikia lengo kwa jumla, waliofaidika kidogo ni wenye pumu ngumu. Kama waliotengeneza interferoni halisi wamekwama, ule unga wa kwenye kopo unaouzwa kwenye grupu la WhatsApp sijui. Tangawizi na asali mpe kama chai, haina neno. Kujifukiza ndo siungi mkono kwa mtoto wa pumu, mvuke wenye harufu kali unaweza kumbana pale pale na maji ya moto yanaunguza watoto.

Jirani kwenye steroidi ana kaukweli kadogo. Prednisolone ya siku 3 mpaka 5 haiui kinga, inatuliza ule mkono wa fujo ili mirija ifunguke. Lakini akipewa kozi baada ya kozi ndani ya mwaka mmoja madhara yanajumlishwa: urefu, mifupa, uzito. Dawa ya kupunguza hizo kozi ni ile ile ya kahawia unayotaka kuisimamisha, na hapa ndo narudia ile sentensi: pumu ikitulia kwa dawa, seli za mirija zinakuwa karibu sawa na za asiye na pumu. Angalia vipimo: mtoto wa umri huu kwa kawaida anavuta kama maikrogramu 200 za beclomethasone, steroidi ya kwenye inhela ya kahawia, kwa siku, wakati miligramu 20 za prednisolone ni maikrogramu 20,000. Nguvu za dawa hizi hazilingani moja kwa moja lakini tofauti unaiona, na hii ya kuvuta inaenda penye shida badala ya kuzunguka mwili mzima. Madhara yapo, sauti kukwaruza na fangasi mdomoni ndo maana anasukutua kila akimaliza, na walioitumia miaka mingi tangu utotoni wanaweza kuwa wafupi kwa kama sentimita moja. Mimi sentimita naikubali. Rangi zinatofautiana kwa makampuni, soma jina kwenye boksi.

Antibayotiki haziui virusi, hapo hospitali wako sahihi. Kamasi la kijani sio ushahidi wa bakteria, ule ukijani unatoka kwenye kimeng'enya cha chembe nyeupe za damu zilizojaa hapo kupigana, hata na virusi linakuwa kijani. Antibayotiki tunatoa kukiwa na dalili za nimonia ya bakteria.

Mafua yanayofuata yakianza, fanya hivi. Ya kahawia kila siku kama kawaida, ya bluu yaani salbutamol iwe karibu, na zote kupitia spesa, lile kopo la plastiki linalokaa kati ya inhela na mdomo. Kama hamna spesa chukua chupa ya plastiki ya maji ya nusu lita, ioshe kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe, toboa tundu kwenye kitako linalobana mdomo wa inhela sawasawa, ziba pembeni kwa plasta, mtoto aweke midomo kwenye mdomo wa chupa. Minya pafu moja, yaani mminyo mmoja wa inhela, avute pumzi tano sita taratibu, ndo umminyie nyingine. Wasikucheke, Afrika Kusini waliipima 1999 ikafanya kazi sawa na ya dukani. Akibanwa anaweza kupewa ya bluu pafu 4 hadi 10, moja moja, ukarudia kila dakika 20 ndani ya saa la kwanza mkiwa njiani au mnajiandaa. Usisubiri nyumbani kama hamalizi sentensi, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, au umempa na kabla ya kupita masaa matatu manne anaihitaji tena.

Na moshi. Nyumba nyingi za pwani jioni lazima ubani au udi, na mkaa ukumbini wakati wa mvua, huyu mtoto asiwe chumba hicho, hasa akiwa na mafua. Mende wadhibitiwe, godoro na mito vianikwe juani. Watafiti wa Manchester waliona mtoto mwenye mzio, anayeishi na kile kinachompa mzio, halafu akapata kirusi, uwezekano wa kulazwa ulipanda kama mara 19. Kirusi shuleni huwezi kukizuia, mende unaweza. Chanjo ya mafua makali, yaani influenza, ukiipata mpe kila mwaka, haizuii rainovirusi lakini inapunguza adui mmoja.

Hujaniandikia hiyo ya kahawia anavuta mara ngapi kwa siku, anatumia spesa au anavuta moja kwa moja, na kama ana ukurutu wa ngozi au chafya za asubuhi. Niandikie hayo, na siku ya kliniki beba inhela zote mbili mwambie avute mbele ya nesi, maana dawa nyingi zinaishia kwenye ulimi kabla hatujafika kwenye kulaumu kinga.