Hesabu majina kwanza

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unasema mwaka unaisha, karakana imepata kidogo, wafanyakazi ni 11: zawadi yao uwape fedha taslimu kwenye bahasha au ununue kitu? Na fundi mkuu apate sawa na kijana aliyeanza juzi? Kiasi ulichotenga umekiandika pembeni, na chini yake neno moja, "aibu." Hiyo si aibu. Aibu ninayoijua mimi ni nyingine, na kwa kuwa umenichokoza utaisikia.

Lile blanketi la bluu unalikumbuka. Mlililalia wewe na dada yako mpaka likatoboka, na mkigombana kila mmoja alivuta upande wake. Mlijua nilipewa kazini. Ambacho sijawahi kuwaambia ni kwamba orodha ya waliopewa niliiandika mimi.

Nilikuwa karani wa mishahara. Meneja aliniita, akanipa fungu, dogo kuliko lako ukilinganisha na wingi wetu, akasema nitafute kitu kimoja kizuri. Nikapiga hesabu. Blanketi jepesi lingewatosha watu wote, zito lisingetosha. Mimi nikalitaka zito. Ili litoshe, nikachukua rula nikapiga mstari chini ya jina la mwajiriwa wa mwisho, nikawaacha nje vibarua na mlinzi wa usiku. Hakuna aliyenituma kupiga mstari ule, mwanangu. Meneja alitia saini bila kuuliza, nami nikarudi mezani nikijiona hodari wa hesabu.

Jioni ya kugawiwa tulitoka mmoja mmoja na vifurushi. Mlinzi alikwisha kuingia zamu. Miaka 6 alikuwa akitufungulia geti. Yeye alimwambia hongera kila aliyepita, na hakuwa na kejeli. Ningeisikia, kejeli naijua. Kifurushi changu kikawa kinaporomoka kwenye keria ya baiskeli. Akaja, akafungua mpira aliokuwa amefungia koti lake la mvua, akanifungia, akaukaza kwa goti. "Nenda salama, mama. Utanirudishia kesho."

Sikuurudisha. Kesho yake nilipita getini nikijifanya nina haraka, keshokutwa vilevile, na haukupita muda akahamishiwa lindo jingine.

Nimejitetea sana tangu siku hiyo. Mlinzi yule alikuwa na mwajiri wake, kampuni ya ulinzi, na wao ndio waliopaswa kumkumbuka. Kwenye karatasi ni kweli kabisa. Tena tungenunua jepesi, watu wote wangenung'unika. Sawa, wangenung'unika. Lakini na yeye angekuwa na cha kunung'unikia.

Ndiyo maana nasema, na dada yako keshachoka kunisikia: hesabu majina kwanza, fedha baadaye. Ukianza na fedha, utajikuta unatafuta wa kukata, na wa kukatwa hapatikani ofisini kwa meneja.

Sasa ule utafiti uliomsomea baba yako kwenye simu, uliochapishwa mwaka 2012. Anausimulia kwa kila mgeni. Wanafunzi waliajiriwa kuorodhesha vitabu kwenye maktaba ya chuo kikuu huko Ujerumani, kazi ya muda wa saa tatu tu. Waliopewa themosi ya takriban euro 7 juu ya ujira wao walifanya kazi zaidi kwa kama asilimia 25. Walioongezewa euro 7 taslimu hawakubadilika sana. Lakini fedha hizohizo zilipotolewa kama noti iliyokunjwa umbo la shati, pamoja na sarafu iliyochorwa uso wa tabasamu, kazi ilipanda kwa kama asilimia 30. Baba yako anasema basi nunua kitu. Mimi nasema hajasikiliza mpaka mwisho: fedha ilifanya vizuri pale mtu alipokaa chini akaikunja. Na kuna jambo jingine limenichoma, nalo halikuwa lengo la watafiti. Wale walikuwa vibarua wa saa tatu, wakapewa. Sisi tulimnyima mtu wa miaka 6.

Hata hivyo usiutegemee sana. Wale walipimwa siku ileile moja, wewe utakaa na watu wako mwaka mzima. Kama kuna mtu anayekudai saa za ziada ambazo hujamlipa, mlipe hizo kwanza, wala usizifunge kwa utepe ukaziita zawadi. Na mikoba yenye nembo ya karakana uliyoitaja, hapana. Huko ni kumbebesha mtu tangazo lako.

Taslimu au kitu? Mwenye ada ya mtoto inayomsubiri atapenda bahasha, hilo halina ubishi, na mimi mwaka ule ningeipenda bahasha kuliko blanketi. Lakini bahasha ile ningekuwa nimeisahau, na blanketi nalikumbuka mpaka mshono wake. Tena nalikumbuka kwa ubaya, kwa hiyo sijui hoja yangu inasimama wapi.

La fundi mkuu na kijana mgeni sitakuamulia. Ulimi unaniwasha, lakini wewe ndiye unayewaona wakishika zana asubuhi. Nitasema hivi tu: mshahara tayari umeshamtofautisha fundi mkuu mara 12 kwa mwaka. Hapo nimenyamaza. Ukiamua vingine nitakuwa upande wako, ingawa nitanuna kidogo.

Mpira ule mweusi bado umetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa stoo. Ndio uliofungia sanduku lako la shule, na wewe ukaulizia mbona hatununui kamba.

Lingine. Umeandika watu 11. Nilipokuja kukutembelea nilihesabu 12, pamoja na yule mama anayekuja alfajiri kufagia kabla hamjafungua. Alinipisha kiti. Baba yako anadai ametutajia jina lake, mimi sikulishika. Niandikie anaitwa nani.

Mama yako