Babu wa Rabai aliyezaliwa "mwaka wa njaa"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Shangazi yangu wa Kisauni asema baba wa babu yetu alikuwa mkulima wa Rabai, karibu na Mombasa, kazaliwa "mwaka wa njaa". Nianzie wapi kumtafuta?

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Anza na shangazi huyohuyo, leo, kabla hujaingia ofisi yoyote. Mimi nilimwahirisha nyanya yangu hadi Idi, na Idi haikumkuta. Hadi leo naumia.

Usimwulize mwaka. Mwulize njaa hiyo iliitwaje, maana wazee wetu walizipa njaa majina: ile ya Magunia, kwa mfano, iliwapata Wagiriama mwishoni mwa miaka ya 1890. Ukipata jina la njaa, umepata umri wa babu. Mwulize pia mbari, yaani ukoo, na kaya yenu, yaani kijiji cha kale cha wazee msituni. Na uangalie majina: Mmijikenda (Warabai na Wagiriama wote ni Mijikenda) humpa mwanawe jina la babu ya mtoto, kwa hivyo jina moja hurudi kila baada ya kizazi. Ni rahisi sana kumchanganya babu na mjukuu wake.

Kisha nenda Rabai penyewe. Mmisionari Mjerumani, Krapf, alifungua misheni pale mwaka 1846, na kama babu alibatizwa, omba kwa adabu kuona daftari za kanisa. Tafuta jina la ubatizo na la nyumbani pia. Barua za wamisionari wa CMS, chama cha misheni cha Kianglikana kilichomtuma Krapf, zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza.

Ukiambiwa alikuja Rabai akikimbia utumwa, usishtuke wala usifiche. Wengi walipata hifadhi pale. Liandike hilo pia.