Bao na ludo si aina moja

Hapana mkuu, unasema bao na ludo ni aina moja kwa vile zote ni za ubao, ila kuchezwa kwenye ubao tu hakuzifanyi kuwa aina moja, inategemea unagawa kwa kigezo gani. Ukiangalia vifaa, sawa, zote ni za ubao, ila wanaochambua michezo kihesabu huwa wanauliza vitu viwili, kuna bahati ndani na je kuna kitu mwenzako amekuficha. Bao la kete halina dadu, kete ni 64 na hata zile 22 kila mtu anazoanza nazo pembeni unajua zimebaki ngapi, kwa hiyo liko pamoja na drafti, hii hii tunayopiga kwa visoda hapa Mwanjelwa, Mbeya, ukifungwa umefungwa kwa akili yako usisingizie mkosi. Ludo kila kitu kipo wazi lakini dadu ndo bosi. Karata zina vyote viwili, zinachanganywa halafu mkono wa mwenzio huuoni.

Kuna Mfaransa anaitwa Roger Caillois, mwaka 1958 alikuja na mgawanyo mwingine kabisa, yeye alitazama mchezaji anafuata nini: kushindana, bahati, kuigiza au kizunguzungu. Mi naukubali zaidi huo maana hata watoto wanaocheza baba na mama wanaingia, na wale wanaojizungusha mpaka wanadondoka. Ila makundi yake yanaingiliana, karata tu ni ushindani na bahati kwa pamoja, so usitegemee kila mchezo ukae kwenye boksi moja.