Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambako kwa miaka minne nimekuwa nikiwapikia wanafunzi wali maharage na chapati. Tangu vyuo vilipofungwa kwa ajili ya corona tarehe 18 Machi mwaka huu wa 2020, kibanda changu kimebaki na paka tu, na ndani nina gunia la mchele nililolinunua kwa mkopo wa kikoba. Mume wangu anaendesha bajaji mjini. Mama yake, ambaye ana miaka 71, tunaishi naye tangu mwaka jana. Ana presha, na amekuwa akikohoa tangu kabla ya Krismasi. Niliposikia redioni kwamba ugonjwa huu unawaua zaidi wazee, nilimtengea kikombe na sahani yake, nikafunga uzi mwekundu kwenye mkono wa kikombe ili watoto wasikosee, tena nikawakataza kulala naye. Hakusema neno. Leo ni siku ya tano anachukua chakula chake na kwenda kula nje, chini ya mti, na amemwambia mwanawe kwamba anataka kurudishwa kijijini Chamwino kwa sababu hapa ameshahesabiwa maiti. Mume wangu amenuna. Mawifi wamepiga simu kunitukana. Juu ya hayo, wiki iliyopita sikwenda kwenye msiba wa jirani kwa kuogopa msongamano, na sasa nikipita natazamwa vibaya; na Jumamosi ijayo natakiwa kupeleka marejesho ya kikoba ambayo sina. Je, nilikosea kumlinda mama wa watu?
Mama Wawili, Dodoma

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili sikuweza kukipita kile kikombe. Nitaanza nacho, kwa sababu manuno ya mumeo na matusi ya mawifi yote yametokea hapo.

Kumlinda hukukosea. Ulichokosea ni kikombe chenyewe. Hebu tuhesabu pamoja nani ndani ya nyumba yako anaweza kuuleta ugonjwa huu, ambao hupita kwa matone ya mtu anayekohoa, kupiga chafya au kuzungumza karibu na mwenzake, na kwa mikono iliyogusa mahali penye matone hayo kisha ikapelekwa usoni. Baba watoto anashinda mjini akiwabeba abiria wasiomjua naye asiowajua, anapokea noti zilizotoka kwenye viganja na vifua vya watu, kisha jioni ndiye wa kwanza kulishika komeo la mlango wenu. Watoto, ambao shule zao zimefungwa kwa siku 30 kuanzia tarehe 17 Machi, wanazunguka mtaani kana kwamba wamepewa sikukuu. Wewe unakwenda sokoni. Bibi hatoki uani. Katika nyumba nzima, mtu asiye na pa kuutoa ugonjwa ni yeye, na ndiye uliyemfungia uzi. Kama kweli kilikuwapo kikombe cha kuwekewa alama, basi ni cha mwanawe.

Naamini hilo mkweo amelielewa bila kuelezwa na daktari yeyote. Tena liko jambo jingine ambalo wewe, kwa umri wako, huenda hukulifikiria. Mwanamke mwenye miaka 71 leo alikuwa na miaka 34 hivi mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi walipogundulika nchini, kule Kagera. Ameziona nyumba ambamo mgonjwa alitengewa sahani, kijiko na beseni, na kabla ya hapo alikwisha kuona wenye ukoma na wenye kifua kikuu wakifanyiwa vivyo hivyo. Kwa watu wa rika lake, chombo kilichotengwa ni hukumu. Wewe ulifunga uzi ukiwa na nia ya kusema "nakuogopea", lakini kwa kuwa hukusema kitu, uzi ukasema "nakuogopa", na maneno hayo mawili, kama ujuavyo, yana umbali mkubwa kuliko herufi moja inayoyatenganisha.

Kwa hiyo jioni ya leo, kabla chakula hakijapakuliwa, mfuate pale pale chini ya mti. Usimtume mtoto, wala usingoje mumeo akutangulie. Piga magoti kama unavyomwamkia siku zote, ukiacha nafasi ya hatua mbili, na ule uzi uufungue mwenyewe mbele ya macho yake. Mwambie kwamba uliufunga kwa kumhofia, kwamba hukumweleza, na kwamba katika kutokumweleza ulimkosea. Ishia hapo. Ukiongeza neno "lakini" utakuwa umeufunga tena. Baada ya hapo nyamaza, hata akikaa kimya mpaka ubwabwa upoe. Wazee wetu hawajibu jambo zito kwa haraka, na mwenye kuharakisha jibu huonekana anataka msamaha wa bei ya chini.

Zamu ya pili ni ya mumeo, na hapa nakuomba umsomee maneno haya kama yalivyo. Baba, unamnunia mkeo kwa kazi uliyopaswa kuifanya wewe. Mama ni wako. Wewe ndiwe wa kumkalisha na kumwambia, "Mama, mimi ndiye ninayetoka, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekaa mbali nawe kidogo mpaka hali itulie." Ukirudi usiku, usipitilize ndani. Nawa kwa maji na sabuni langoni, badilisha shati, ndipo uingie. Na chakula chako ule pembeni wewe, si yeye. Mzazi akimwona mwanawe amejitenga kwa ajili yake, hakuna wifi atakayemshawishi kwamba ametengwa.

Kuhusu kunawa, najua maji ya Dodoma yana siku zake. Chukueni dumu la lita tano, mlitoboe karibu na mdomo, mlining'inize kwenye mti na kulifungia kamba ya kukanyaga kwa mguu; maji yatatoka kidogo kidogo, nayo yatawatosha watu wengi kuliko mnavyodhani. Vitakasa mikono vimepanda bei na wala hamvihitaji kama maji yapo. Kipande cha sabuni ya mche kinafanya kazi ile ile, kwa kuwa kirusi hiki kimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huupasua utando huo kama inavyopasua mafuta kwenye sufuria, ilimradi mikono isuguliwe kwa sekunde 20, kwenye vidole na nyuma ya viganja pia. Kutoshika uso ndiko kugumu. Mimi mwenyewe tangu nianze kuandika jibu hili nimeshajikuna pua mara tatu.

Vikombe navyo vipate utaratibu wa wote. Kila mmoja awe na chake, chenye uzi wake, na wa kwanza kuchagua rangi awe bibi. Ule mwekundu mpeni dereva. Kulala mbalimbali na wajukuu kuendelee, maana watoto huweza kubeba maradhi wasiyoumwa, ila waambiwe sababu mbele ya bibi yao, na jioni wakae naye hapo nje kwenye upepo, yeye kwenye kigoda na wao kwenye mkeka wao upande wa pili, awape hadithi.

Sasa nije kwenye kikohozi, ambacho katika barua yako umekitaja kwa maneno machache mno. Mgonjwa wa kwanza wa corona hapa nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, naye alikuwa msafiri aliyefika Arusha akitokea Ubelgiji. Mkweo amekohoa tangu kabla ya Krismasi. Kikohozi chake kimeutangulia ugonjwa huu kwa karibu miezi mitatu, na inanisikitisha kwamba ilibidi uje ugonjwa mpya ndipo mtu akisikie. Kwa taratibu za afya za nchi hii, mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa makohozi kuona kama ana kifua kikuu, na akikutwa nacho dawa zake hutolewa bure. Inawezekana pia kwamba ni moshi wa kuni wa miaka mingi. Inawezekana hata ni vidonge vyake vya presha, kwa kuwa zipo dawa za presha zinazowaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichokwisha. Akienda kupimwa avichukue vidonge hivyo amwoneshe daktari, na asiviache kwa uamuzi wake mwenyewe. Nenda naye asubuhi na mapema kabla foleni haijawa ndefu, apelekwe na bajaji ya mwanawe isiyochanganya abiria. Angalia tena jinsi kikombe kilivyokuponza: hata kama ni kifua kikuu, hakiambukizi kwa vyombo, kinaambukiza kwa hewa, na dawa ya hewa ni kufungua madirisha. Ama akipata homa mpya, au kifua kikambana akashindwa kuvuta pumzi vizuri, pigeni namba 199, ambayo haina malipo, mwelekezwe pa kumpeleka.

Kuhusu kurudi Chamwino, usimkatalie, wala usimfungie mizigo. Mzee anayeondoka kwa hasira hupelekwa na hasira, na akifika huko atakuwa peke yake na presha yake na ndoo ya maji. Lakini baada ya kupatana, muulizeni tena. Mwezi huu mtama unaelekea kukomaa, ndege wameanza kazi yao, na huenda mama wa Kigogo aliyezoea kulinda shamba anakosa usingizi kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote nawe. Akisema anakwenda kwa kupenda, na yuko mtu wa kukaa naye huko, na zahanati haiko mbali, aende, ila asipakiwe kwenye basi la watu wa kusimama. Akisema anabaki, basi na abaki kama mama mwenye nyumba.

Mawifi usiwajibu. Simu zao zipokelewe na kaka yao.

Msiba wa jirani ni mzito zaidi, kwa sababu kwetu mtu anaweza kukusamehe deni asikusamehe kutokuonekana matangani. Serikali imezuia mikusanyiko ya hadhara, lakini hakuna aliyewaeleza watu namna ya kulia wakiwa mbalimbali. Wakati wa kipindupindu cha mwaka 2015, kilichoanzia Dar es Salaam na kusambaa mikoa mingi, tulijifunza kuzika bila kulishana, na wafiwa walielewa kwa kuwa waliambiwa mapema. Wewe ulikaa kimya, kama ulivyokaa kimya kwa mkweo, na ukimya wako una tabia ya kusemewa na wengine. Pima kilo tatu za mchele kutoka kwenye lile gunia, nenda saa nne asubuhi wageni wakiwa wachache, simama uani, usitoe mkono. Salamu zetu za Kigogo, za "mbukwenyi", ni ndefu vya kutosha kwa mdomo peke yake. Uliza habari za kila mtu mpaka wa mwisho. Kisha mweleze mfiwa kwamba nyumbani una mzee mwenye presha na kifua, ndiyo maana hukuja kukaa. Rambirambi ikichelewa bado ni rambirambi.

Limebaki deni. Usisubiri Jumamosi. Ukifika kikaoni mikono mitupu utakuwa mdaiwa, lakini ukimwendea mwenyekiti Alhamisi utakuwa mwanachama mwenye tatizo, na sidhani kama ni wewe peke yako, maana ukanda wenu mzima ulikuwa ukila kwa matumbo ya wanafunzi. Pendekeza kitu kinachoshikika: kwamba mwezi huu ulipe riba peke yake na mkopo usogezwe mbele, na kwamba kama katiba yenu inaruhusu, mfuko wa jamii uwatazame wanachama ambao biashara zimesimama. Shauri pia kikao kifanyike nje, viti vikiwa mbalimbali, au fedha zitumwe kwa simu na daftari lisainiwe baadaye.

Na lile gunia usilitazame kama jeneza. Mchele mkavu hauozi kwa mwezi mmoja, ukiuinua kutoka sakafuni na kuukinga na panya. Wanafunzi wameondoka, lakini mafundi na vibarua wa majengo ya Serikali kule Mtumba hawajaondoka, na Bunge la bajeti limeanza tarehe 31 Machi, hivyo mji una watu wanaokula. Anza na sahani kumi tu za kubeba, zilizofunikwa, zipelekwe na bajaji hiyo hiyo saa sita kasoro kabla baba watoto hajapata abiria wa mchana. Fundi atakayekula leo akaridhika atakuuliza kama kesho unakuja. Maharage yaloweke usiku, ili asubuhi usimalize mkaa wa faida yako yote kwenye sufuria moja.