Uliza Mhandisi: Stenti ya mzee ilijaribiwa kwenye kompyuta, si ndo basi aache dawa?

SWALI: Mhandisi shikamoo. Mzee wetu alizibuliwa mshipa wa moyo huko Dar akawekewa stenti mbili, sasa anajisikia vizuri mpaka anataka kuacha zile dawa za kuzuia damu kuganda. Kaka kamwambia hizi stenti zinajaribiwa kwenye kompyuta kabla ya kutengenezwa so haziwezi kuleta shida. Hivi kompyuta inaujuaje mshipa wa baba yangu? (Binti wa Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, poleni kwa kuuguza. Dawa asiache, tena mwambie leo leo, halafu soma hapa uone kwanini maana kaka yako kasema kweli nusu.

Stenti ni kibomba cha wavu wa chuma, kinaingizwa kikiwa kimebanwa juu ya puto, puto likijazwa kinatanuka na kubaki kimeshikilia mshipa. Za kwanza kuwekwa kwenye mshipa wa moyo wa binadamu ni 1986, Jacques Puel kule Toulouse Ufaransa na Ulrich Sigwart kule Lausanne Uswisi. Siku hizi muundo mpya unaanzia kwenye programu: stenti inachorwa, inagawanywa vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, kila kipande kinapewa tabia za chuma chenyewe, tuseme mchanganyiko wa kobalti na kromiamu, kinavutika kiasi gani na kikivutwa mpaka wapi hakirudi tena, na mshipa nao unachorwa pamoja na yale mafuta yaliyoganda ukutani, alafu puto linajazwa humo humo na kompyuta inakokotoa kila kipande kinasukumana vipi na jirani yake. Mwisho unaona kwa rangi wapi pamebeba mzigo mkubwa, mara nyingi ni kwenye kona za waya.

Hizo kona ndo za kuogopa. Chukua waya ukunje ukunjue, ukunje ukunjue, utakatika tu hata kama hutumii nguvu, na moyo unaopiga mara 70 kwa dakika unapiga zaidi ya milioni 36 kwa mwaka. Ndo maana baada ya kompyuta stenti yenyewe inapelekwa maabara ipigishwe kama mapigo milioni 400, yaani makadirio ya miaka 10.

Sasa kuna mvutano ambao mimi naona ndo utamu wa kazi hii. Cypher, stenti iliyopakwa dawa ya kuzuia nyama kuota ndani yake, iliyoruhusiwa Marekani 2003, waya wake ulikuwa na unene wa kama mikroni 140 (mikroni elfu moja ni milimita moja), Xience iliyokuja baadae ni 81 hivi. Kwanini wapunguze? Kwasababu modeli za mwendo wa damu zinaonyesha nyuma ya waya mnene damu inajizungusha taratibu, msuguano wake na ukuta unapungua, na sehemu kama hizo ndo nyama inapenda kuota na mshipa kuanza kuziba upya. Ila ukipunguza unene, na ukapunguza na viungo vinavyoshika pete moja ya waya na nyingine ili stenti ipinde vizuri kwenye kona za mshipa, stenti inapoteza nguvu ya kuhimili kusukumwa kwa urefu wake. Ilitokea kweli, miaka ya 2011 madaktari walianza kuripoti stenti nyembamba zilizojikunyata baada ya kifaa kingine kuzigusa kwenye ncha, na kompyuta zikarudishwa kazini kupima hilo jambo.

Kuna na stenti inaitwa Absorb, iliyotengenezwa iyeyuke yenyewe mwilini. Marekani waliiruhusu 2016, 2017 ikaacha kuuzwa, damu ilikuwa inaganda ndani yake zaidi kuliko kwenye stenti za chuma. Waya wake ulikuwa wa mikroni kama 150, na kwamba waya mnene unavuruga damu lilishajulikana kabla.

Kwahiyo mshipa wa mzee kompyuta haiujui. Inajua mshipa wa wastani, au wa wagonjwa wachache waliopigwa picha, na haijui seli za baba yako zitachukua muda gani kuufunika ule chuma. Mpaka ufunikwe damu inaweza kuganda juu yake ghafla na huo ni mshtuko wa moyo. Mara nyingi dawa mbili, aspirini na nyingine ya kuzuia damu kuganda, zinaenda pamoja miezi 6 mpaka 12 na aspirini inaendelea, lakini tarehe ya kuacha anaitoa daktari wake wa moyo peke yake. Hata akienda kung'oa jino aseme ana stenti, asiache dawa kimya kimya.

SWALI: Mama kawekewa stenti ya pajani, ni ileile ya moyo? (Msomaji wa Morogoro)

JIBU: Hapana. Paja linapinda na kujisokota kila mama akikaa au akipanda ngazi, stenti ya puto ingebonyea ikabaki hivyo hivyo. Ya pajani kwa kawaida ni nikeli na titaniamu, inatanuka yenyewe na ikikunjwa inarudi, na modeli yake lazima iwekewe mwendo wa mguu, mapigo ya moyo peke yake hayatoshi. Atembee bila wasiwasi kama daktari alivyomwelekeza.